Gundi inayojua kuachia

Kama unaishi kwenye chumba cha kupanga, habari hii inakuhusu. Una saa ya ukutani, una kalenda, pengine una picha ya mahafali uliyoitia fremu, na mwenye nyumba ameshatoa tamko: misumari marufuku. Dukani kuna vibandiko vyeupe, vidogo, vyenye kiulimi upande wa chini. Muuzaji anakuhakikishia: bandika, tundika, siku ya kuhama vuta kiulimi hicho na ukuta utabaki kama ulivyoukuta. Kwa mpangaji mmoja inakuwa hivyo kweli. Kwa jirani yake, aliyechukua kibandiko kwenye boksi lilelile, saa inaanguka usiku wa tatu. Kwa wa tatu kibandiko kinashika vizuri miezi minane, halafu siku ya kuhama kinatoka na bamba zima la rangi, na pesa yake ya amana inaishia kwa fundi.

Boksi moja, gundi moja, matokeo matatu. Wengi tunakimbilia kusema "hizi ni feki". Lakini ukiifuata historia ya vitu hivi utaona kwamba swali la namna ya kushika lilijibiwa mapema, tena bila taabu kubwa. Lililowatesa watu kwa karne nzima ni swali la pili: itaachiaje? Na mara nyingi aliyelijibu alianza kwa kuangalia kilichoko chini ya gundi.

Plasta iliyoshika kupita kiasi

Wa kwanza kuumizwa na swali hili walikuwa wagonjwa. Mwaka 1845 Wamarekani wawili, William Shecut na Horace Day, walipata hataza ya plasta ya kidonda yenye gundi ya mpira. Huko Hamburg, Ujerumani, mfamasia Paul Beiersdorf akapata hataza ya plasta yake mwaka 1882, na baadaye kampuni yake ikanunuliwa na mfamasia mwingine, Oscar Troplowitz. Troplowitz alitengeneza plasta moja iliyonata vizuri mno, ila ilikuwa inachokoza ngozi. Kwa mgonjwa haifai. Badala ya kuitupa, mwaka 1896 akaiuza kwa jina la Cito, kwa ajili ya kuziba matairi ya baiskeli. Tairi halilalamiki.

Naona hapo ndipo historia nzima imejificha. Gundi haikubadilishwa hata kidogo. Kilichobadilishwa ni uso wa kuibandika, na bidhaa iliyoshindwa ikawa bidhaa nzuri. Kampuni hiyo ya Hamburg uishike kichwani, tutairudia. (Jina lake la tepu, tesa, linatokana na karani wa kampuni, Elsa Tesmer: chukua mwanzo wa jina la ukoo na mwisho wa jina la kwanza.)

Matusi ya mafundi rangi

Sasa tuhamie St. Paul, Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Magari ya rangi mbili yalikuwa ndiyo fasheni. Ili kupaka rangi ya pili ni lazima ile ya kwanza ifunikwe, na mafundi walikuwa wanafunika kwa karatasi na magazeti yaliyoshikizwa kwa gundi au kwa plasta ya hospitali. Kazi ikiisha wanabandua, na rangi ya kwanza inatoka pamoja na karatasi. Siku nzima ya kazi imeharibika, na matusi yanasikika hadi barabarani.

Siku moja matusi hayo yalisikiwa na kijana aitwaye Richard Drew. Alikuwa amefika kwenye karakana kuleta sampuli za msasa, maana kampuni yake wakati huo ilikuwa kampuni ya msasa: Minnesota Mining and Manufacturing, ambayo leo tunaiita 3M. Tena msasa wenyewe ulitokana na bahati mbaya. Kampuni ilianzishwa 1902 ili kuchimba korundi, jiwe gumu la kusagia, halafu ikagundulika kwamba mawe waliyonayo siyo korundi. Drew naye hakuwa mkemia. Alikuwa ameacha chuo kikuu, anapiga banjo kwenye bendi za dansi, na anasoma uhandisi kwa njia ya posta. Aliajiriwa 1921 kama msaidizi wa maabara.

Drew aliwaahidi mafundi wale kwamba atawatengenezea tepu. Hebu tazama walichokuwa wanahitaji: kitu kinachoshika vya kutosha kuzuia rangi isipenye, kinachostahimili kemikali za rangi, na kinachotoka bila kung'oa chochote. Sharti la tatu ndilo lililokula miaka yake miwili hivi. Alijaribu mafuta ya mimea na utomvu wa aina mbalimbali. Bosi wake, William McKnight, alimwambia aachane na mambo hayo arudi kwenye msasa. Drew akaitikia, kisha akaendelea. Inasimuliwa pia kwamba alipokataliwa mashine, na yeye akiwa na ruhusa ya kununua vitu visivyozidi dola 100, aliipata kwa kuandika oda nyingi za dola 99.

Mwaka 1925 jibu likapatikana: gundi ya seremala iliyochanganywa na gliserini ili isikauke, juu ya karatasi yenye mikunjo midogomidogo inayovutika kidogo. Toleo la mwanzo lilikuwa na gundi pembeni tu, katikati hakuna. Simulizi maarufu inasema fundi mmoja alikasirika tepu ikidondoka, akamwambia Drew airudishe kwa mabosi wake Waskoti, maana enzi hizo Wamarekani walikuwa wanawatania Waskoti kwa ubahili. Jina likaganda: Scotch. Ile tepu ya karatasi ndiyo unayoiona leo kwa fundi rangi yeyote, kando ya dirisha au ya swichi. Selotepu ya uwazi ilifuata 1930, kazi ya Drew huyohuyo, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ile ikaifanya ipendwe. Watu walikuwa wanaunga vilivyochanika badala ya kununua vipya.

Kwani inashikaje?

Kabla ya kuendelea, tusimame kwenye fizikia kidogo. Bila hiyo vibandiko vya leo vitaonekana kama mazingaombwe.

Gundi ya mbao au ya viatu inaanza ikiwa majimaji, inakauka, inakuwa ngumu. Gundi ya tepu haikauki kamwe. Inabaki kwenye hali ya katikati, nusu majimaji na nusu yabisi, na inatenda kulingana na kasi. Ukiibonyeza polepole inatiririka kama asali nzito sana. Ukiivuta ghafla inakataa kama mpira. Uso wowote, hata kioo, ukiutazama kwa karibu una milima na mabonde. Gundi inapotiririka inajaza mabonde hayo mpaka molekuli zake zinakaribiana mno na zile za uso, na hapo nguvu ndogondogo ziitwazo van der Waals zinashika kazi. Moja peke yake ni dhaifu sana. Kwa wingi wake zinabeba fremu.

Katika miaka ya 1960 mtafiti wa 3M, Carl Dahlquist, aliweka kipimo cha jambo hili: ili kitu kinate kwa kubonyezwa tu, ugumu wake usizidi takribani pascal 300,000. Mpira wa kufungia noti una ugumu wa pascal milioni moja au zaidi, ndiyo maana haugandi kwenye vidole vyako. Sasa unaelewa kwa nini maelekezo ya vibandiko yanasema bonyeza kwa sekunde 30, kisha subiri saa nzima ndipo utundike. Gundi inahitaji muda wa kutiririka. Wengi wetu tunairuka hiyo saa moja, halafu tunalaumu kiwanda.

Njia ya kwanza ya kuachia: gusa kidogo

Mwaka 1968, kampuni ileile, mkemia Spencer Silver alikuwa anatafuta gundi kali. Akapata kinyume chake: vijiduara vidogo sana vya akriliki vinavyonata, lakini ambavyo vinagusa uso kwa nukta tu, kama mipira ya miguu iliyomwagwa sakafuni. Sehemu inayogusana ni ndogo, hivyo kubandua ni rahisi, na unaweza kubandika tena. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua ni ya kazi gani, hadi 1974 Art Fry, mwanakwaya aliyechoka kuona alama zake za karatasi zikidondoka kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, alipoikumbuka. Karatasi za Post-it zilianza kuuzwa kote Marekani 1980.

Hadithi hiyo inasimuliwa kila mahali, mimi siikawizi. Nachotaka uone ni mpaka wake. Gundi ya Silver inaachia kwa sababu haijashika sana. Kwa kikaratasi inatosha. Saa ya ukutani haitadumu hata dakika. Tulikuwa bado kwenye mtego uleule: ukitaka nguvu, ung'oe rangi; ukitaka usalama wa rangi, usitundike kitu.

Njia ya pili: badilisha uelekeo

Fanya jaribio hili sasa hivi kama una selotepu. Bandika kipande mezani. Shika ncha moja, uvute sambamba na meza, kana kwamba unataka kukiburuza. Hakitoki. Sasa inua ncha juu. Kinatoka kwa vidole viwili. Gundi haijabadilika.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kibandiko chako kina upana wa sentimita 1.5 na urefu wa 4, yaani sentimita 6 za mraba, na fremu ina nusu kilo, ambayo ni kama newtoni 5. Fremu inavuta kuelekea chini, sambamba na ukuta, kwa hiyo eneo lote linashiriki: chini ya newtoni 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mzigo mwepesi. Ukibandua kwa kuinua ncha, nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mwembamba unaoachia. Mstari ukiwa na kina cha nusu milimita, eneo linalobeba ni dogo mara 80 kuliko lile la mwanzo. Na nguvu hiyo inavuta kuelekea nje, inaivuta rangi itoke ukutani. Mafundi wa St. Paul walikuwa wanafanya hivyohivyo kwenye magari yao.

Kumbe basi, ungeweza kutumia gundi kali kabisa ikiwa ungepata namna ya kuibandua bila kuvuta kuelekea nje. Wazo hilo liliandikishwa kama hataza mwaka 1983 huko Hamburg, na kampuni ya Beiersdorf, ileile ya plasta ya matairi. Utepe wa gundi wenyewe uwe unavutika kama mpira. Ukiuvuta sambamba na ukuta, unarefuka. Ujazo wa mpira haubadiliki unapovutwa, kwa hiyo ukirefuka mara tano, unene na upana wake kwa pamoja vinapungua hadi sehemu ya tano. Pale unaposinyaa, karibu na kiulimi, gundi inajichomoa kutoka kwenye mabonde ya uso na kuachia. Sehemu iliyoachia inavuta inayofuata, nayo inasinyaa na kuachia, hadi mwisho. Hakuna wakati wowote ambapo rangi inavutwa kuelekea nje kwa nguvu kubwa.

Kilichowezesha hili ni malighafi. Miaka ya 1960 Shell ilianza kuuza polima mpya za styrene na isoprene, ambazo zinatenda kama mpira bila kuhitaji kupikwa na salfa, na ambazo zikichanganywa na utomvu zinanata vizuri. Mwili wa utepe na gundi vikaweza kuwa kitu kimoja. 3M nao wakaja na namna yao: kiini laini cha povu katikati, gundi kali pande zote mbili, na mwaka 1996 wakaingiza sokoni vibandiko vya Command. Povu lile linasaidia kibandiko kulala vizuri kwenye ukuta usionyooka sana.

Ndiyo maana maelekezo yanasisitiza uvute kiulimi moja kwa moja chini, polepole, mkono ukiwa karibu kabisa na ukuta, hadi utepe urefuke kupita sentimita 30. Ukiuvuta kuja kwako umeua uvumbuzi wote. Umerudi kwenye karakana ya 1923.

Turudi chumbani kwako

Sasa wale wapangaji watatu tunaweza kuwaelewa. Kibandiko hakishiki ukuta. Kinashika tabaka la juu kabisa la ukuta, na tabaka hilo linashikwa na lililo chini yake, hivyohivyo hadi kwenye tofali. Fremu yako inaning'inia kwenye tabaka lililo dhaifu kuliko yote, popote lilipo.

Kwenye vigae vya bafuni, kioo, mlango wa mbao uliopigwa vanishi, au ubavu wa friji, tabaka ni gumu na laini kwa kugusa. Hapo gundi inatiririka bila kizuizi na kuachia kwake ni safi. Ukuta wa rangi ya mafuta uliokauka vizuri nao ni rafiki, ila ukiwa jikoni kuna utando wa mafuta ya kupikia ambao huuoni. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, siyo kwa sabuni, maana sabuni inaacha utando wake. Rangi ikiwa mpya, subiri angalau siku saba. Inaonekana imekauka huku ndani bado inatoa mvuke, na mvuke huo unakwama chini ya kibandiko.

Rangi ya maji ni bahati nasibu. Ile nzuri inashikamana. Ile ya bei ya chini ina unga mwingi na gundi kidogo. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, kibandiko chako kitashika unga na unga hautabeba saa. Chokaa ndiyo kabisa. Nyumba za zamani za pwani, Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapitisha unyevu. Ni ukuta mzuri sana kwa joto la pwani, ila hakuna kibandiko kitakachouweza. Vilevile ukuta unaovuta maji kutoka chini, ule wenye chumvi nyeupe na rangi iliyofura: hapo rangi imeshaachana na ukuta, inasubiri mtu wa kuivuta tu. Nadhani mpangaji wetu wa tatu alikuwa na ukuta huo. Gundi yake ilifanya kazi vizuri. Rangi ndiyo iliyokuwa imeachia siku nyingi.

Ukuta wa lipu isiyopigwa skimu, au tofali tupu, una kasoro nyingine. Gundi inagusa vilele tu, mabonde yanabaki hewa. Ni vijiduara vya Silver tena, ila safari hii ni ukuta uliovitengeneza. Huyo ni mpangaji wa pili, saa chini usiku wa tatu. Inawezekana pia ukuta wake unaangalia magharibi, chini ya bati. Vibandiko vingi vimepimwa hadi kama nyuzi 40 za Selsiasi. Juu ya hapo gundi inakumbuka upande wake wa majimaji na kuanza kuteleza, taratibu, milimita kwa milimita.

Na kuna plastiki. Beseni, ndoo, kabati la plastiki laini, mara nyingi ni polietilini au polipropilini, ambazo uso wake una nishati ndogo, kama milinewtoni 30 kwa mita. Sufuria isiyogandisha, yenye Teflon, ina kama 18. Nishati hiyo ikiwa ndogo, gundi haitaki kutandaa, inajikunyata kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Ukiwa na boksi zima la vibandiko hutamaliza tatizo hilo.

Kabla ya kununua chochote, muombe fundi rangi yeyote kipande cha tepu yake ya karatasi, ile ya Drew. Ibandike mahali ambapo hapaonekani, nyuma ya mlango kwa mfano, ibonyeze vizuri, iache hadi kesho. Kisha ibandue na uigeuze uitazame upande wa gundi. Ikiwa safi, nenda dukani. Ikiwa na unga au maganda ya rangi, kaongee na mwenye nyumba kuhusu msumari mmoja tu.